Msiziangushie ringi jumba bovu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme machache kuhusu pikipiki kuukuu zinazokula oili. Hatuzungumzii Boxer ya juzi. Tunazungumzia Honda CG125 na XL125 zilizotumikia miradi ya kilimo na misheni, C70 na C90, Yamaha AG100, na zile BSA chache zilizosalia tangu kabla ya 1962. Moja ya hizo ikianza kutoa moshi wa bluu, hukumu hutoka injini ikiwa bado inanguruma: “Ringi zimekwisha.” Silinda inang'olewa, ringi mpya (zile pete zinazoizunguka pistoni) zinavishwa, mwenye pikipiki analipa, na wiki mbili baadaye moshi uleule unamfuata barabarani. Ringi huangushiwa jumba bovu kwa sababu ndizo kila mtu anazijua kwa jina. Oili ina njia kadhaa za kufika kwenye moto, na nyingi kati ya hizo zinatambulika kabla ya kulegeza nati hata moja ya hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda.

Kwanza hakikisha kwamba oili inaungua kweli, haimwagiki. CG125 hubeba takriban lita moja tu, kwa hiyo ikipotea mililita 300 umebaki na theluthi mbili, nawe bado unapakia abiria. Simamisha pikipiki wima kwa stendi ya kati, si ya pembeni. Zima injini, ngoja dakika tano, futa kijiti cha kupimia, kiingize bila kukikaza kwenye nyuzi zake (Honda nyingi hupimwa hivyo), kisha usome. Wanaokikaza husoma zaidi ya kilichomo. Jaza mpaka alama ya juu, tembea kilomita 500, halafu rudisha alama ileile kwa chupa uliyoipima, na kiasi ulichoongeza ukizidishe kwa mbili. Kwa kadirio letu, injini ya umri huo ikimaliza mililita 100 kwa kilomita 1,000 iache ifanye kazi yake. Ikifika 300, anza kuchunguza. Ikipita nusu lita, kuongeza oili kila Jumatatu si matengenezo tena.

Kuvuja kunakosahaulika zaidi ni kwa sili (mpira unaozuia oili) ya shafti ya sproketi ya mbele. Oili inarushwa na mnyororo, inachanganyika na grisi na vumbi, na kila anayeiona anadhani ni uchafu wa mnyororo. Osha injini kwa mafuta ya taa, ikauke, ipake poda ya mtoto kuzunguka gasketi ya chini ya silinda, sili ya gia na sili ya sproketi, kisha tembea kilomita kumi. Mahali poda ilipolowa ndipo penye kesi. Na ukikuta kinyume chake, yaani oili imepanda juu ya alama bila mtu kuongeza, inuse. Ikinuka petroli, sindano ya floti ya kabureta haizibi, petroli inashuka usiku hadi tumboni mwa injini na kuifanya oili iwe nyepesi kama maji. Injini hiyo itatoa moshi hata ikiwa na ringi za dhahabu.

Baada ya hapo utazame moshi, na zaidi ya rangi, tazama saa unapotoka. Rangi ni rahisi: mweusi ni petroli nyingi, mweupe wa asubuhi unaopotea ni mvuke tu, wa bluu wenye harufu ya oili ndio wetu. Saa ndiyo inayosema. Moshi ukitoka kwa wingi pikipiki ikiwashwa baada ya kulala, kisha ukaisha ndani ya dakika moja au mbili, oili imechuruzika usiku kupitia gaidi za vali, ile mirija ambamo mashina ya vali hupita. (Ndilo jina la gereji, wala hakuna mtu wa kumwita polisi.) Sili zake zimekauka, au gaidi yenyewe imepanuka hata shina la vali linacheza.

Moshi ukitoka unapofungua mafuta baada ya mteremko mrefu, bado shuku vali ya kuingiza kwanza. Barabara ya kushuka kutoka Kapchorwa, mlimani Elgon, ni kipimo kizuri kuliko vyombo vingi: mkono wa mafuta umefungwa, gia inashikilia, pistoni inavuta dhidi ya kabureta iliyozibwa, na mvuto huo unanyonya oili pembeni mwa shina la vali. Ukifika chini ukafungua mafuta, wingu linatoka mara moja kisha linakata. Ringi zilizochoka hufanya vingine. Zenyewe hutoa moshi injini ikibeba mzigo, unapopanda ukiwa na magunia, na moshi haukati ilimradi mkono uko wazi. Zikiwa mbovu sana hutoa hata injini ikiwa imetulia.

Wenye BSA na Triumph wana jambo lao. Oili yake hukaa kwenye tangi la pembeni, na pampu huipeleka na kuirudisha. Kuna kigololi kinachozuia oili isishuke injini ikiwa imezimwa. Kigololi kikishika uchafu, oili yote ya tangi inahamia tumboni mwa injini pikipiki ikikaa wiki moja. Ukiipiga kiki inatoa moshi wa kuficha nyumba, halafu baada ya dakika chache inasafika yenyewe, pampu ikisha irudisha oili kwenye tangi. Hapo usiguse silinda. Fungua kigololi, kisafishe pamoja na kiti chake.

Sasa kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ambako tunaona makosa mengi kuliko kwingine kote. Kabla ya kuleta geji ya kuipimia, rekebisha nafasi ya vali injini ikiwa baridi. CG125 hutaka milimita 0.08 kwa vali zote mbili. Vali iliyobanwa haifungi, na kompresheni itakayopotea hapo itasingiziwa pistoni. Kisha washa injini ipate moto, izime, toa plagi, ondoa choki isizibe hewa, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho na uushikilie hapo. Huu mkono wa mafuta ndio unaosahaulika: ukiwa umefungwa hewa haiingii, na geji inatoa namba ya injini mahututi. Zima suichi. Piga kiki kwa nguvu mara saba au nane hadi mshale ukome kupanda.

Namba utakayopata usiilinganishe na kitabu hivihivi. Vitabu huandikwa kwa usawa wa bahari. Mbale na Kampala ziko juu ya mita 1,100, hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 12. Kitabu kikitaka kilo 12 kwa sentimita ya mraba, yaani psi 170 hivi, hapa injini nzima kabisa itakupa karibu 10.5, yaani psi 150. Kabale, karibu mita 2,000, itatoa 9.5 hivi na haina ugonjwa wowote. Pistoni za huko zinatupwa bure kwa sababu ya mlima.

Ikiwa namba iko chini hata baada ya kuhesabu mwinuko, fanya kipimo cha oili. Wengi wamekisikia kutoka kwa mafundi wa magari: mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena, ikipanda ni ringi, isipopanda ni vali au gasketi ya hedi. Wazo ni sahihi, kijiko ndicho cha hatari. CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa 49.5, jumla sentimita za ujazo 124. Kwa uwiano wa 9 kwa 1, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni mililita 15.5. Kijiko cha mezani ni mililita 15. Umejaza chumba chote, na oili haibanwi. Ukipiga kiki kwa nguvu hapo, kinachopinda ni konrodi, ile fimbo inayoishika pistoni. Hata kijiko kidogo cha chai, mililita 5, kinakula theluthi ya chumba na kuipandisha kompresheni chenyewe, kisha fundi anashangilia kwamba amewakamata ringi.

Tumia bomba la sindano kutoka duka la dawa. Mililita 2, si zaidi. Igawe ukutani kwa kupiga kiki taratibu mara tano bila geji, huku umefunika tundu kwa kitambaa ili ya ziada iruke nje. Ndipo pima. Ikitoka 6 ikafika 9, oili imeziba mwanya ambao ringi haziwezi kuuziba. Ikitoka 6 ikaishia 6.5, elekeza macho juu, kwenye vali.

Anayetaka uhakika zaidi aende kwa fundi wa panchari. Chukua plagi ya zamani, vunja kauri ya ndani, mpelekee fundi wa kuchomelea aunganishe valvu ya tairi kwenye lile ganda. Funga ganda hilo kwenye hedi, weka pistoni juu kabisa vali zote mbili zikiwa zimefungwa, ingiza gia ya mwisho, shika breki ya nyuma, na ujaze upepo polepole hadi psi 50 hivi. Bila breki pistoni itasukumwa chini na tairi litazunguka, kwa hiyo pasiwe na mtoto karibu na mnyororo. Kisha sikiliza. Upepo ukilia kwenye egzosi, ni vali ya kutoa. Ukilia kwenye kabureta, ni vali ya kuingiza. Ukilia kwenye tundu la kujazia oili au mpira wa kupumulia, umepita kando ya pistoni. Kidogo hupita hata kwenye injini mpya, kwani ringi ina mwanya wake. Kinachotafutwa ni kupuliza, si kupumua.

Hata hivyo, kompresheni nzuri haimaanishi ringi zote ni nzima. Kati ya ringi tatu, mbili za juu hushikilia mgandamizo na ya tatu hukwangua oili. Ya tatu inaweza kuwa imeganda kwa masizi kwenye mfereji wake, au matundu madogo nyuma yake yameziba, na geji isiseme lolote. Zaidi ya hapo, oili inayopita huziba nyufa na kuipandisha namba. Injini inayokula oili huku kompresheni yake ni bora kuliko ya jirani tunaiona mara nyingi, na dawa yake mara nyingine ni kuvua pistoni, kuondoa masizi, kuzibua matundu na kurudisha ringi zilezile.

Ukishatoa hedi, soma kabla ya kufuta. Kila fundi ana tamaa ya kuchukua kitambaa, aiweke mfukoni kwanza. Kichwa cha pistoni kikiwa kimefunikwa na masizi makavu katikati lakini ukingo wake umeoshwa ukabaki mtupu na unyevunyevu, oili inapanda kutoka chini, kwenye ringi. Ukingo ukiwa mkavu na mgongo wa vali ya kuingiza umebeba donge jeusi lenye mafuta, oili inashuka kutoka juu. Hayo mawili yanaweza kuonekana pamoja, na hapo kazi ni ya pande zote mbili.

Kisha silinda. Pitisha ukucha sehemu ya juu, milimita chache chini ya ukingo. Ukikwama kwenye ngazi, ringi mpya ya juu itaigonga na kuvunjika. Halafu chukua ringi ya juu peke yake, iingize kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, na upime mwanya kati ya ncha zake kwa fila, yaani vibamba vyembamba vya kupimia. Pima chini kabisa, mahali ringi hazifiki, kisha pima sentimita moja hivi kutoka juu. Kwa silinda za ukubwa huu mwanya wa ringi mpya huwa kati ya milimita 0.15 na 0.35, na ukifika 0.5 ringi imemaliza kazi.

Hapa kuna siri ambayo haihitaji geji ya bei ghali. Tofauti ya mianya hiyo miwili igawe kwa 3.14, utapata silinda imepanuka kiasi gani kwa kipenyo. Chini umepata 0.30, juu umepata 0.62, tofauti ni 0.32, ukigawa ni 0.10. Silinda hiyo imekuwa faneli. Ringi mpya itajibana na kujiachia kila pistoni ikipanda na kushuka, na hakuna duka linalouza ringi ya kazi hiyo. Hapo ndipo moshi wa baada ya wiki mbili unapozaliwa. Njia hii haionyeshi silinda iliyokuwa yai, kwa hiyo namba ikiwa ya mashaka, mpelekee mwenye geji ya kupimia ndani ya silinda.

Silinda ikishafika hapo hukatwa hadi saizi inayofuata: 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Nunua pistoni kwanza, umpelekee mkataji pamoja na silinda, apime sketi ya pistoni hiyohiyo ndipo aweke nafasi ya milimita 0.03 hadi 0.05. Anayekata kwa kusoma namba iliyochapwa kwenye boksi anakata kwa imani. Pistoni ya zamani ukitaka kuibakiza, pima pia mfereji wa ringi ya juu kwa ringi mpya iliyomo ndani. Fila ya 0.12 ikiingia pale, ringi itapanda na kushuka ndani ya mfereji ikibeba oili juu kila mara, kama pampu.

Kuna makosa matatu ya kuvisha ambayo huzaa moshi kwenye injini yenye vipuri vipya kabisa. La kwanza ni ringi ya pili kugeuzwa: uso wake umekatwa mshazari, alama yake (R, N, T au namba) lazima itazame juu, la sivyo inakwangua oili kuipeleka motoni. La pili ni ile springi ya mawimbi ya ringi ya oili, ncha zake kupandana badala ya kugusana. Angalia kwa tochi kabla ya kuingiza silinda. La tatu ni mianya yote kupangwa upande mmoja, ilhali inatakiwa iachane kwa theluthi ya duara. Kwenye Honda, maandishi IN ya pistoni huelekea upande wa kabureta.

Silinda isiyokatwa lakini imekuwa kioo isuguliwe kwa honi (kifaa cha mawe ya kusugulia silinda) ya jiwe la namba 180 hadi 240, mistari ipishane. Kisha ioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Petroli haitoi unga wa jiwe, inaueneza tu. Futa kwa kitambaa cheupe chenye oili, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ni kazi ya robo saa, na wanaoiruka wanatia msasa kwenye injini mpya. Baada ya kuwasha usiiache ikinguruma mahali pamoja. Ipe mwendo, panda na kushusha kasi, bila magunia kwa kilomita 100 za mwanzo, na oili ya kawaida ya 20W-50 imwagwe kwenye kilomita 300.

Kilichozila ringi za kwanza mara nyingi kiko kwenye chujio la hewa. Vumbi la murram la Januari hukwangua kama msasa, na mpira uliopasuka kati ya chujio na kabureta unatosha. Silinda iliyolika zaidi juu kuliko chini, pamoja na mikwaruzo ya wima, ndiyo sahihi ya vumbi. Ukifunga ringi mpya bila kubadilisha mpira huo, umemlipa fundi akupe miezi sita.

AG100 na wenzake wa mipigo miwili wana sheria nyingine, kwa sababu wao wameumbwa kuchoma oili. Ringi zikiisha wao hawaongezi moshi, wanakataa kuwaka na kukosa nguvu mlimani. Moshi ukizidi ghafla, pima oili ya gia. Ikiwa inapungua bila tone chini, sili ya krenki upande wa klachi inaipitisha.

Jambo moja kwa wanunuzi. Oili ya gia ya 140 ikichanganywa kwenye injini inaficha moshi kwa siku kadhaa, na klachi ndiyo italipa baadaye. Usikubali kukutana na muuzaji mchana injini ikiwa ya moto. Nenda alfajiri, gusa silinda kwa mkono uhakikishe ni baridi, chomoa kijiti uone oili inavyodondoka, ingiza kidole mdomoni mwa egzosi. Masizi makavu si neno. Yakitoka yanang'aa na kuteleza kama grisi, mwombe akuwashie huku umesimama nyuma ya pikipiki.

Mafundi wa injini ndogo,
Mbale.